Shika Kwanza, Lipa Baadaye: Vidokezo 11 vya Vyombo vya Jikoni kwa Mikono Isiyo na Nguvu

Risiti nyingi za maduka ya vyombo jijini Dar es Salaam zina mstari mmoja mdogo pale chini: mali ikishauzwa hairudishwi. Mwenye mikono imara huupita bila kuusoma. Lakini kwa mwenye baridi yabisi, kwa aliyepigwa na kiharusi upande mmoja, kwa mwenye kisukari anayesikia ganzi vidoleni, kwa aliyevunjika kifundo cha mkono kwenye ajali ya bodaboda, au kwa bibi aliyesonga na kutwanga tangu utotoni mpaka viungo vikachoka, mstari huo ni onyo. Chombo kinachopendeza machoni kinaweza kukaa kabatini mwaka mzima kwa sababu mfuniko wake haufunguki mpaka aitwe jirani.

Habari njema kwa mkazi wa Kipawa, hapa Dar, ni kwamba huna haja ya kuagiza kitu ng'ambo. Machinga wa kando ya Barabara ya Nyerere, fundi baiskeli wa mtaani, wachomeleaji wa Vingunguti na maduka ya Kariakoo kwa pamoja wanatosha. Kinachotakiwa ni kujua unapima nini. Mkono dhaifu una maadui watatu jikoni: kubana, kusokota na kunyanyua. Kila ukishika chombo dukani, jiulize kitakudai kipi kati ya hivyo vitatu, na mara ngapi kwa siku.

1. Fanya mtihani dukani, siyo nyumbani

Mwombe muuzaji akitoe chombo kwenye boksi. Kishike kwa mkono wako ulio dhaifu zaidi. Kinyanyue mpaka usawa wa kifua, kisha ukishushe polepole. Kifungue na kukifunga mara tatu. Mara ya kwanza karibu kila mtu anaweza. Ya tatu ndiyo inayosema ukweli. Mwisho, fikiria utakavyokiosha: je, mkono unaingia ndani, au itabidi ukitingishe na sabuni na kuomba Mungu?

Muuzaji atakuambia, "Mama, hiyo orijino, chukua tu." Mjibu kwa upole: "Sawa mwanangu, lakini atakayeifungua kila siku ni mimi." Nenda asubuhi, kabla Kariakoo haijajaa watu. Muuzaji anayetafuta mteja wa kwanza wa siku huwa na subira ambayo saa tisa alasiri hana.

Kama unamnunulia mzazi asiyeweza kupanda daladala, jaribu chombo kwa mkono wako wa kushoto, tena kwa vidole vitatu tu. Kikikusumbua wewe, yeye kitamshinda.

2. Mpini mnene una faida zaidi ya mpini mzuri

Mpini mwembamba hulazimisha vidole vijikunje mpaka mwisho, na hapo ndipo viungo vinapouma. Mpini mnene huviacha nusu wazi, na nguvu ikagawanyika kwenye kiganja chote. Wazo hilo liliwahi kuanzisha kampuni nzima. Mwaka 1990 Mmarekani Sam Farber alianzisha OXO baada ya kumwona mkewe, Betsey, aliyekuwa na baridi yabisi mikononi, akihangaika na kifaa cha kumenyea. Kifaa kipya walichokitoa kilikuwa na mpini mnene wa mpira laini. Kilinunuliwa na wenye mikono mizima pia, na leo kimo kwenye mkusanyiko wa jumba la makumbusho la MoMA mjini New York.

Huku kwetu, dawa iko kwa fundi baiskeli. Mwombe tyubu kuukuu, akukatie utepe wa upana wa vidole viwili. Ioshe kwa sabuni, ianike, kisha uuzungushie mpini wa kisu, upawa au kifaa cha kumenyea, ukivuta kidogo kila mzunguko ili ibane. Malizia kwa kuufunga kwa uzi imara. Mpira hautelezi ovyo hata mkono ukiwa na maji. Maangalizo ni mawili: utepe usifike sehemu inayoingia kwenye chakula, na usikae karibu na moto.

3. Sufuria iwe na mikono miwili

Sufuria zetu za kawaida zina ukingo tu. Kuiepua ni kubana ukingo wa moto kwa vitambaa viwili na vidole vinne, ambayo ni kazi ngumu kuliko zote kwa mkono usio na nguvu. Vile vyuma vya kubania ukingo navyo havisaidii sana, maana ukilegeza tu kidole, sufuria imekwenda.

Tafuta sufuria yenye mikono miwili iliyofungwa kwa ribiti, mmoja kila upande, yenye nafasi ya kuingiza vidole vyote pamoja na kitambaa. Kikaango cha mpini mmoja mrefu huangusha uzito wote kwenye kifundo cha mkono, kwa hiyo chagua chenye kishikio kidogo upande wa pili ili ukibebe kwa mikono yote miwili.

Kumbuka pia kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Sufuria nyepesi ya alumini ikiwekwa lita nne za mchuzi si nyepesi tena. Basi usiiname na sufuria kumimina. Pakua kwa upawa mpaka ibaki kidogo. Viazi, mihogo na mayai vichemshie ndani ya chujio la waya lililotumbukizwa kwenye sufuria: vikiiva unainua chujio tu, maji ya moto yanabaki yalipo. Na sufuria mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, hata kama mafiga yatagombaniwa.

4. Ugali: zuia sufuria isizunguke

Kinachochosha kwenye kusonga si mwiko peke yake. Mkono mmoja unasonga, mwingine unahangaika kuishika sufuria isizunguke na mwiko. Ondoa kazi ya huo wa pili, na nusu ya shida imekwisha.

Nenda kwa mchomeleaji na sufuria yako. Mweleze akutengenezee kishikizo cha nondo nyembamba: duara la kuikumbatia sufuria, na mkono mrefu unaoweza kuukanyaga kwa mguu au kuuegemeza kwenye ukuta. Kama unapikia jiko la mezani, kishikizo kinaweza kufungwa kwenye meza yenyewe. Hakikisha ncha zote zimepigwa msasa.

Mwiko uwe mrefu na mnene mpinini. Kaa au simama mahali ambapo kiwiko kiko juu ya ukingo wa sufuria, usukume kwa bega na uzito wa mwili badala ya kusokota kifundo. Uji uchemke vizuri kwanza, unga uongezwe kidogo kidogo. Na ugali wa watu wawili usongwe mara mbili ikibidi. Hakuna aliyewahi kuandikwa gazetini kwa kusonga ugali mdogo.

5. Mbuzi apumzike

Kukuna nazi kwa mbuzi kunataka mkono unaobana kifuu, unaokizungusha na kukisukuma kwa wakati mmoja, huku meno ya chuma yakisubiri kidole kitakachoteleza. Kwa mkono wenye ganzi hili si suala la uvivu, ni usalama.

Kwenye masoko mengi ya Dar kuna mashine za kukunia nazi. Unachagua nazi yako, inavunjwa na kukunwa ukiona. Ukitaka kujitegemea, toa nyama ya nazi kwa kisu butu au mwombe muuzaji akutolee, uikate vipande, uisage kwenye blenda na maji ya uvuguvugu. Tui linatoka zuri kabisa.

Kazi inayobaki ni kukamua. Usikamue kwa ngumi. Weka machicha kwenye chujio kubwa la chuma juu ya bakuli, halafu kandamiza kwa kitako cha bakuli jingine dogo ukitumia kiganja na uzito wa mkono wote. Tui la pakiti nalo liwepo kabatini kwa siku ambazo mikono imeamka vibaya.

Blenda yenyewe ipimwe dukani: jagi linakaa na kutoka kwa kusokota kiasi gani? Kuna zinazohitaji nguvu ya fundi makenika. Chagua inayokaa kwa kutumbukiza tu au kwa mzunguko mfupi, yenye vitufe vipana vya kubonyeza.

6. Umeme ufanye kazi ya misuli

Jiko la wali la umeme halikorogwi, halipaliliwi mkaa na halikuiti uliepue. Unaosha mchele, unapima maji, unabonyeza. Dukani angalia mambo matatu: sufuria ya ndani iwe na ukingo mpana wa kushika, mfuniko uwe mwepesi wenye kishikio kinachoingiza vidole, na kitufe kibonyezeke hata kwa fundo la kidole. Kwa familia ya watu wawili au watatu, la lita 1 linatosha. La lita 1.8 likijaa ni mzigo.

Woga wa LUKU tuupigie hesabu. Jiko la wati 700 likifanya kazi nusu saa linakula yuniti 0.35. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO anayelipa takriban shilingi 350 kwa yuniti pamoja na kodi na tozo, hiyo ni kama shilingi 120 na ushee kwa chungu cha wali. Serikali nayo ilizindua Mei 2024 mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mkono mgonjwa una sababu zake za kutosubiri mpaka mwaka huo.

Presha kuka za umeme ni rafiki wa maharage na makande, lakini mifuniko mingi ni ya kusokota. Tafuta mfuniko wenye kishikio kikubwa juu katikati, unaozungushwa kwa mkono mzima. Ile ya kuweka juu ya jiko iache kama huna uhakika wa kuifunga sawasawa, kwa sababu mfuniko uliofungwa nusu una hatari.

Jambo dogo linalosahaulika ni plagi. Kuichomoa ukutani ni kubana na kuvuta kwa pamoja. Soketi zetu nyingi zina swichi zake pembeni. Acha plagi ikae, uzime kwa swichi kwa pembe ya kiganja.

7. Mtungi wa gesi una uzito usioandikwa kwenye tangazo

Mtungi unaoitwa wa kilo 6 hauna kilo sita. Hizo ni za gesi peke yake. Chuma kina uzito wake, na ukijumlisha unaweza kupita kilo 13. Uzito wa mtungi mtupu huwa umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, usome ujue unachokabiliana nacho. Basi usibebe. Nunua kwa wakala anayeleta kwa bodaboda na kuufunga, na kabla hajaondoka apake povu la sabuni kwenye maungio: likitoa mapovu, gesi inavuja.

Kwenye jiko, vitasa vinavyotaka kubonyezwa na kuzungushwa kwa pamoja ndivyo vinavyosumbua. Chagua vitasa vikubwa vyenye bawa la kusukuma kwa kiganja, na jiko linalojiwasha lenyewe. Kiberiti cha gesi cha mpini mrefu ni kizuri kuepusha vidole na moto, ila kingine kina kifyatuo kigumu. Kijaribu mara kumi mfululizo kabla ya kulipa. Kwa mwenye ganzi, moto ni wa kuangaliwa kwa macho, siyo kuhisiwa.

8. Maji yakae juu, koki ifunguke kwa kusukuma

Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, na ule mkono wake wa waya unakata vidole. Kijana wa nyumbani aijaze ikiwa tayari juu ya stuli imara, na ndoo yenyewe iwe na koki chini, kama zile tulizozizoea kwa kunawa mikono. Hapo unakinga maji ya kupikia bila kunyanyua chochote. Ukilazimika kubeba, tumia vidumu vya mafuta vya lita 5, viwili, kimoja kila mkono, tena vikiwa nusu.

Kama una bomba la DAWASA ndani, mwite fundi akubadilishie koki ya kusokota akuwekee ya mkono, ile inayofunguka kwa robo mzunguko. Inasukumwa hata kwa kiwiko. Kwa kifaa kimoja kidogo, hakuna badiliko linaloonekana haraka kama hili.

Na kitambaa cha kuoshea vyombo? Kukikamua ni kusokota kwa namna mbaya kabisa. Tumia sponji, ukiikandamiza ukutani mwa sinki au beseni kwa kiganja.

9. Kisu kikali, kibao chenye misumari

Wengi humpa mgonjwa kisu butu wakidhani wanamlinda. Kisu butu kinataka nguvu, na nguvu ndiyo inayokifanya kiteleze. Mpe kikali chenye mpini mnene, na anayepita mtaani akinoa visu apewe kazi. Kisu chenye meno kama cha mkate hukata nyanya na mkate bila kukandamiza.

Chini ya kibao tandika kitambaa kibichi ili kisihame. Kwa anayetumia mkono mmoja, mwombe seremala apigilie kwenye kona ya kibao misumari miwili isiyoshika kutu, ikitokeza upande wa juu. Kiazi au kitunguu kinachomekwa hapo kikatulia, nawe ukakimenya na kukikata kwa mkono ulio mzima. Kona mbili za kibao ziwekewe kingo fupi za mbao: kipande cha mkate kitajiegemeza hapo kikipakwa siagi. Kibao kikimaliza kazi, misumari ivalishwe vizibo.

10. Mifuniko: vunja hewa kwanza

Chupa ya jemu haikatai kufunguka kwa ukaidi. Hewa ya nje inaukandamiza mfuniko. Ingiza ncha ya kijiko chini ya ukingo, uinue kidogo mpaka usikie hewa inatoa mlio. Halafu funika kwa kipande cha tyubu kilichobaki kwenye kidokezo cha pili, uweke kiganja juu, uzungushe kwa mkono wote kuanzia bega. Kwa kopo lenye pete, pitisha mpini wa kijiko ndani ya pete uuinulie kama wenzo.

Kwa vyombo vya kuhifadhia unga, sukari na chumvi, epuka vile vya mfuniko unaobanwa pembe nne. Chagua vyenye mfuniko mpana unaokaa tu juu. Unga wa kilo 25 ni nafuu kwa bei lakini nani ataubeba? Nunua wa kilo 2 au 5, au mtoto aumimine kwenye ndoo yenye mfuniko mlegevu, wewe uchote kwa kikombe.

Chupa ya chai iwe ya kubonyeza juu, ikae mezani pale pale. Kikombe ndicho kiifuate. Kikombe chenyewe kiwe na mkono unaoingiza vidole vinne.

11. Vyombo vingine usinunue, nunua kazi

Kabla ya kutafuta kinu chepesi, uliza kama kuna haja ya kinu. Sokoni kisamvu kinauzwa kimeshatwangwa, muuza mboga atakukatia majani kwa kisu chake, muuza kuku atamchinja, kumnyonyoa na kumkata vipande, muuza samaki atapara magamba. Tangawizi na kitunguu saumu vilivyosagwa vipo kwenye vikopo; au saga vya wiki nzima siku ambayo mjukuu yupo. Kuna wazee wanaoona aibu kwa hili, kana kwamba mpishi hodari lazima atwange mwenyewe. Ladha ya mchuzi inatoka kwa anayejua lini atie chumvi na lini apunguze moto, na ujuzi huo haumo kwenye vidole.

Uanze na kipi?

Kabla ya chombo chochote, mikono ionekane na mtaalamu. Udhaifu uliokuja ghafla upande mmoja, hasa ukiambatana na mdomo kwenda upande au maneno kukorogeka, ni dalili ya kiharusi: kimbia hospitali saa hiyo hiyo. Kwa udhaifu wa muda mrefu, ulizia idara ya fiziotherapia ya hospitali ya Amana au Muhimbili, au CCBRT kule Msasani. Wapo pia wataalamu wa tiba kwa vitendo, ambao kazi yao ni kumrudisha mtu kwenye shughuli zake za kila siku: kuvaa, kuoga, kupika. Waeleze jikoni kwako kukoje, jiko ni la mkaa au la gesi, unasimama au unakaa.

Kisha kwa wiki moja weka karatasi jikoni. Kila unapomwita mtu, "Hebu nifungulie," "Njoo uniepulie," "Nishikie hapa," andika au mwambie mtoto akuandikie ulikuwa unafanya nini. Jumapili jioni isome. Jambo lililojirudia mara nyingi zaidi ndilo la kutolea pesa kwanza, na huenda likamalizwa na utepe wa tyubu au koki moja mpya. Yaliyobaki yapange kwa zamu, mwezi kwa mwezi, na ukienda Kariakoo nenda na karatasi hiyo mkononi ili tangazo la muuzaji lisikubadilishie mawazo.